Unataka kuwa treina wa timu za chuo Marekani? Soma hii kwanza

Wadogo zangu mnaonijazia inbox mkiuliza hii kazi ikoje, haya leo nina nafasi. Kwanza treina (athletic trainer) sio kocha na wala sio yule wa jimu wa kukupigisha pushapu, huku ni mtu wa afya kabisa wa kuhudumia wachezaji, una leseni, na siku hizi lazima usome masters ndio ukae kwenye mtihani wa bodi. Chama cha matreina kilianzishwa 1950 lakini chama cha madaktari wa Marekani kilikuja kuitambua fani rasmi 1990, miaka 40 mizima watu wanaonekana wabeba ndoo za maji tu.

Sasa wengi mnapenda ile ya kukimbilia uwanjani na kibegi TV zikiwaka. Lakini treina anaheshimika kwa kumwambia kocha "huyu leo hachezi" na ikabaki hivyo hivyo. Mchezaji kagongwa kichwa, umeona dalili za mtikisiko wa ubongo, unamtoa, na ikithibitika ndio wenyewe siku hiyo kwake imeisha, NCAA (wanaosimamia michezo ya vyuo Marekani) ndivyo wanavyotaka, hata iwe fainali na kijana mwenyewe analia anakwambia niko poa treina huku kashikilia ukuta.

Halafu joto. Mwezi wa nane mazoezi ya football ya Kimarekani na zile helmeti, mtu akianza kuongea visivyoeleweka pima joto njia ya haja kubwa, ndio najua mnacheka, ila ya kwapani itakudanganya. Ikizidi 40 unamtumbukiza kwenye beseni la maji ya barafu palepale mpaka ishuke karibu 39, ndio ambulensi iondoke naye, sio kinyume chake. Jordan McNair, mchezaji wa football wa Chuo Kikuu cha Maryland, alizidiwa na joto mazoezini akafariki 2018 na uchunguzi ukasema hakuingizwa kwenye maji ya barafu, mtoto wa miaka 19 jamani.

Wikendi sahau, harusi za ndugu utaziona kwenye simu ukiwa ndani ya basi la timu.

Kama bado unataka, tafuta timu yoyote ujitolee uanze kufunga enka (kifundo cha mguu). Mguu ukae nyuzi 90, plasta ipande kutoka upande wa ndani kwenda wa nje, kisha ufunge kisigino, na upitishe kidole chini ya unyayo, maana mkunjo mmoja tu ukibaki utarudishiwa mtu ana lengelenge kabla hata ya hafutaimu.