Mama amekuwa dhaifu: je, gemu ya mazoezi itamfaa?

SWALI: Mama yangu ana miaka 82. Tangu aruhusiwe kutoka hospitalini amekonda, anatembea polepole huku akishika kuta, na anachoka upesi. Anasahausahau, lakini maelekezo anayaelewa. Mdogo wangu anataka kumnunulia gemu ya televisheni yenye kamera inayofuata mwili, afanye mazoezi ya viungo na akili kwa pamoja. Mimi naona bora mafumbo kwenye kishikwambi, akiwa amekaa salama. Nani yuko sahihi?

JIBU: Pole kwa kuuguza. Mdogo wako ana hoja nzito kuliko yako, ila gemu isiwe ya kwanza.

Kipimo cha udhaifu wa uzeeni alichochapisha Linda Fried na wenzake mwaka 2001 kinatazama mambo matano: kupungua uzito bila kukusudia, uchovu, mshiko dhaifu wa mkono, mwendo wa polepole na kutojishughulisha. Mwenye matatu huhesabiwa kuwa dhaifu, na wewe umeshayataja matatu. Kwa hiyo aonwe kwanza na daktari: kwa nini anakonda, dawa zake zikoje, je, shinikizo la damu hushuka anaposimama, na macho yanaonaje.

Msikate tamaa kwa umri wake. Mwaka 1994 Maria Fiatarone na wenzake walichapisha matokeo ya wakazi 100 wa makao ya wazee huko Boston, wenye wastani wa miaka 87. Waliofanya mazoezi ya miguu kwa uzito kwa wiki 10, nguvu za misuli yao ziliongezeka zaidi ya maradufu. Gemu nyingi za kamera haziwezi hilo, kwa sababu kupunga mikono hakuipi misuli mzigo. Mama aanze na kiti imara chenye mikono, kimeegemezwa ukutani. Ainuke polepole, akae polepole zaidi, mara 5 hadi 8, apumzike kisha arudie, siku tatu kwa wiki. Akishindwa kuinuka, pandisheni kiti kwa mto mgumu usioteleza.

Sasa akili. Mwaka 1997 watafiti wa Sweden walieleza kwamba wazee waliosimama kila waliposemeshwa wakiwa wanatembea walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuanguka katika miezi iliyofuata. Kutembea kwao kulikuwa kunahitaji akili nzima. Ndiyo maana ninapendelea mazoezi yanayomlazimu mtu kupiga hatua na kuamua kwa wakati mmoja: ukitokea mshale wa kushoto, hatua kushoto; ikitokea rangi nyekundu, tulia. Jaribio moja la Australia lenye washiriki 769 wa miaka 65 na kuendelea liliwapa baadhi yao gemu za kukanyaga mkeka wenye vihisi, saa 2 kwa wiki kwa mwaka mzima. Kuanguka kulipungua kwa takriban asilimia 26. Waliocheza gemu kama hizo wakiwa wamekaa, wakitumia mikono, hawakupata punguzo la wazi. Hilo linajibu swali lako la kishikwambi, ingawa washiriki wale walikuwa na nguvu kuliko mama.

Mafumbo acheze akiyapenda, lakini msiamini matangazo makubwa. Mwaka 2016 kampuni yenye Lumosity, programu ya michezo ya kunoa akili, ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani kuishtaki kwa madai yasiyo na ushahidi wa kutosha.

Akishainuka kitini bila kuvutwa, leteni gemu. Ichagueni kwa kasi yake: iwe inapunguzika, picha kubwa, amri moja kwa wakati, bila kuruka. Jaribuni kamera kabla ya kununua, maana anayesimama karibu kumlinda huweza kuichanganya, na fremu ya kutembelea huficha miguu. Kama ni mkeka, kingo zake zibanwe sakafuni. Kiti kiwe nyuma yake, meza nzito mbele ya kushika, viatu vya kufunga miguuni, na mtu mzima ubavuni upande ulio dhaifu. Miwani ya uhalisia pepe (ile inayoziba macho na kuonyesha picha za gemu pande zote) asiivae akiwa amesimama kamwe: inamfunika asione sakafu na inaleta kizunguzungu.

Dakika 5 zinatosha mwanzoni. Ahemke kidogo lakini aweze kuzungumza. Kukosea hapa na pale ni kuzuri, ndiko kujifunza. Akiganda katikati ya hatua, punguzeni kasi. Siku mnayoongeza ugumu wa miguu, msiongeze wa akili. Wengi huharibu hapo, mzee anaogopa na hataki tena. Maumivu ya kifua, kupumua kwa shida au udhaifu wa ghafla upande mmoja: acheni, mpelekeni hospitalini mara moja.

Alama za kwenye skrini zisiwadanganye. Kila mwezi mpimeni: ainuke kitini, atembee mita 3 kwa mwendo wake wa kawaida, ageuke, arudi, akae. Sekunde 12 au zaidi huchukuliwa kuwa dalili ya hatari ya kuanguka. Sekunde zisipopungua baada ya miezi miwili, msimnunulie gemu nyingine; mpelekeni kwa mtaalamu wa fiziotherapia amwangalie akitembea na kupanga mazoezi upya.