Tumfungie kijana ndani mpaka aache bugizi?

SWALI: Habari dada, mimi naishi Kayole. Kijana wangu wa kwanza ako na miaka 21 na tangu mwaka jana anameza bugizi na kushushia na pombe, siku zingine analala mpaka jioni na ukimuuliza jana alikuwa wapi hakumbuki kitu. Sasa majirani wananiambia ati hata unga, yaani heroini, ameanza kuvuta. Mjomba wake anataka tumfungie chumbani wiki mbili mpaka zimtoke mwilini. Itasaidia ama nitapoteza mtoto?
Mama wa Kayole

JIBU: Pole sana mama, na tafadhali msimfungie. Najua mjomba anaongea hivyo kwa uchungu lakini kwa bugizi hiyo njia inaweza kumuua. Bugizi ni dawa kali ya usingizi, na mtu akizoea kumeza kila siku ubongo hauwezi tena kutulia bila hizo tembe, ukimkatia ghafla anaanza kutetemeka, anaona vitu havipo, halafu anashikwa na kifafa, na akiwa amefungiwa peke yake nani atamwona? Pombe ya kila siku nayo ni vivyo hivyo. Bugizi hupunguzwa polepole na daktari akiangalia.

Unga ni tofauti. Arosto yake, yaani mateso ya mwili ukikosa unga, inaanza masaa machache baada ya kete (kipakiti) ya mwisho, makamasi, kuhara, kutapika, mifupa kuuma, usingizi hakuna, na siku ya pili na ya tatu ndio mbaya kabisa. Ni mateso lakini mara nyingi haiui kama mtu anapata maji ya kunywa. Hatari kubwa iko siku mtafungua huo mlango, juu mwili utakuwa umeshasahau unga, yeye arudi base wanakovutia avute kipimo kile kile cha zamani na pumzi ikatike. Wanaotoka jela wanakufa sana hivi, inaniuma kila nikisikia. Na akichanganya unga, bugizi na pombe ni mbaya zaidi, zote tatu zinapunguza pumzi.

Ukimkuta anakoroma vibaya, midomo imebadilika rangi na ukimwita haitiki, usimwache ati alale zitaisha. Mlaze ubavu, mkimbizeni hospitali na mseme ukweli wote bila kuogopa aibu, juu sindano ya naloksoni inaamsha mtu aliyezidisha unga lakini kwa bugizi haifanyi kitu.

Mahali pa kuanzia ni hospitali ya Mathari, pale Thika Road. Wanatoa methadoni tangu 2014, dawa ya kunywa kila siku mbele ya mhudumu ili arosto isimrudishe kwa unga, lakini waambie mapema kuhusu bugizi na pombe maana methadoni pia ikichanganywa nazo inaua. Kuna watu husema hiyo ni kutoa unga kuweka unga mwingine na mimi sikubaliani nao hata kidogo, mtu akiwa kwa methadoni anaweza kulala, kula na kwenda kazi. Ukitaka kuongea na mtu kwanza piga 1192 ya NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni bure.

Huyo mjomba mwombe awasindikize badala ya kutafuta kufuli. Na mkienda bebeni pakiti za tembe mtakazopata kwa chumba chake, daktari ajue amekuwa akimeza gani na ngapi kwa siku.