Usifomati hiyo iPod kabla hujanakili vilivyomo

Mkuu, simama hapo hapo. Kama hicho kitufe cha Format, kile kinachofuta diski na kuipanga upya, hujakibonyeza, usikibonyeze. Kama dirisha lake bado liko wazi kwenye kioo, bonyeza Cancel, chomoa iPod, kisha rudi usome.

Umeandika kwamba iPod nano, kile kifaa kidogo cha Apple cha kupigia muziki, uliyopewa na dada yako inaingiza chaji na inapiga nyimbo zake vizuri, ila ukiichomeka kwenye kompyuta yako ya Windows inaletwa taarifa kwamba diski ifomatiwe kwanza ndipo itumike. Halafu katikati ya maelezo ukapitisha haraka haraka kwamba dada alikuwa anatumia Mac, yaani kompyuta ya Apple, na kwamba ndani kuna sauti ya bibi yenu akisimulia mambo ya ukoo. Wachangiaji wawili wakakujibu "fomati tu mkuu, nyimbo utapakua upya", ukawashukuru, ukasema jioni utafanya hivyo.

Sauti ya bibi utaipakua wapi?

Tatizo lako lote liko kwenye hilo neno Mac. iPod iliyoandaliwa na Mac hupangiwa mfumo wa mafaili, yaani namna ya kuyapanga kwenye diski, unaoitwa HFS+. Iliyoandaliwa na Windows hupangiwa FAT32. Mac inasoma zote mbili bila shida. Windows inasoma FAT32, lakini HFS+ haiielewi kabisa, na ikikutana nayo haikuambii kwamba haiielewi; inakuambia diski inahitaji kufomatiwa. Ni mtu asiyejua kusoma anayeshauri kitabu kichomwe. iPod yako haijaharibika. Wewe mwenyewe umesema ukiichomoa inapiga nyimbo, na huo ni ushahidi tosha kwamba vitu vimo ndani na vimekaa salama.

Nayajua haya kwa sababu yalinikuta, na ya kwangu ilikuwa nano ya mwaka 2009, ile yenye kamera na maikrofoni nyuma. Niliachiwa na kaka yangu, naye alikuwa mtu wa Mac. Mle ndani nilikuwa nimemrekodi mwalimu wetu wa kwaya. Alikuwa na nyimbo alizotunga mwenyewe ambazo hakuwahi kuziandika nota, kwa hiyo nilimkalisha akaimba sauti zote nne, moja baada ya nyingine, huku akigonga meza kwa kidole ili tusipoteze mapigo. Kwenye rekodi moja anakatisha katikati ya besi, anasema "hapana, hapa teno wananisubiri", anaanza upya. Sasa mwalimu hatunaye.

Siku nilipotaka kuzihamishia kwenye kompyuta ikaja taarifa ile ile unayoiona wewe. Nikampigia simu fundi ninayemwamini. Hakuniuliza iPod imetoka wapi. Hakuniuliza kama inapiga nyimbo ikiwa peke yake. Hakuniuliza ndani kuna nini. Alisema, "Hiyo kawaida, bonyeza Format." Na akaongeza la ziada, kwamba nitoe tiki kwenye Quick Format "ili isafike vizuri". Nikatoa tiki. Ule mstari wa kijani ukawa unatambaa taratibu, nami nimekaa naungoja umalize ili ninakili rekodi zangu.

Elewa kilichofanyika pale, kwa sababu hapo ndipo hasara yenyewe ilipo. Ukifomati kwa haraka, na ile tiki ikiwepo, Windows inaandika orodha mpya tupu ya mafaili na kuacha sehemu kubwa ya vilivyokuwemo mahali pake. Mtu akikimbilia programu ya kuokoa mafaili yaliyofutwa, kama PhotoRec, kabla hajaweka kitu kingine juu yake, ana nafasi ya kuokoa mengi. Lakini tangu Windows Vista, ukiitoa ile tiki, Windows inaandika sifuri kwenye diski nzima, mwanzo hadi mwisho. Baada ya hapo hakuna programu ya kuokoa, ya bure wala ya kulipia, itakayorudisha kitu, kwa sababu hakuna kilichobaki cha kurudishwa. PhotoRec niliiendesha usiku kucha. Haikuleta hata faili moja.

Na kilichoniuma kupita kiasi ni nilichokuja kujifunza baadaye: kama ningeichomeka kwenye Mac yoyote ile, ingefunguka papo hapo kama flashi ya kawaida, na rekodi zote zingekuwa mle. Fundi yule nilipomrudia alisema, "Si ungeniambia kuna vitu vya muhimu." Hapana, bwana. Kuuliza ni kazi ya fundi. Mwenye kifaa hajui kwamba kuna mifumo miwili ya mafaili, ndiyo maana amepiga simu. Anayeagiza mtu afute diski bila kuuliza ndani kuna nini, huyo hajatengeneza kitu, ameondoa taarifa kwenye kioo tu. Na nyie wachangiaji wawili mliotangulia, nawaomba kwa heshima mrudi mhariri majibu yenu. Uzi huu utasomwa na watu wengi wenye tatizo hili hili, na wengine watabonyeza bila kufika huku chini.

Kanuni yangu sasa ni moja, na siilegezi kwa mtu yeyote: usibonyeze chochote kinachoandika kwenye kifaa mpaka vilivyomo viwe vimenakiliwa mahali pengine na umevifungua ukavisikia. Format inaandika. Restore ya iTunes, ile programu ya Apple ya kuendeshea iPod kutoka kwenye kompyuta, inaandika, tena inafuta kila kitu. Kile kitufe cha Erase and Sync kinachotokea ukichomeka iPod kwenye kompyuta isiyo yake, nacho kinafuta. Hata chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski, ambayo watu huishauri kama dawa ya kikohozi, ukiiwekea /f inaanza kurekebisha diski yenyewe, na marekebisho yake huwezi kuyarudisha nyuma.

Sasa wewe fanya hivi. Kwanza mpigie dada. Kama ile Mac bado anayo, aangalie kwenye maktaba yake ya iTunes (kwenye Mac mpya ni Music), maana huenda sauti ya bibi iliingia huko zamani alipokuwa anasinki, yaani analinganisha vilivyomo kwenye iPod na kompyuta. Isipokuwepo, mpelekee iPod, na wakati wa kuichomeka ashikilie vitufe vya Command na Option mpaka ionekane, ili isianze kusinki yenyewe. Rekodi za sauti hukaa kwenye folda ya Recordings. Anakili folda nzima, wala asichague moja moja.

Kama Mac haipatikani, bado kuna njia. Kuna programu ya bure ya Windows inaitwa HFSExplorer, inasoma HFS+ bila kuandika kitu juu yake, na hiyo ndiyo sifa tunayoitaka. Au washa kompyuta kwa Linux, mfumo endeshi mwingine badala ya Windows, iliyo kwenye flashi, bila kuisakinisha, nayo itaifungua iPod. Kwa njia zote hizi, Windows ikileta tena taarifa ya kufomati, bonyeza Cancel tu. Italeta kila ukichomeka. Izoee.

Nyimbo za dada, kama unazitaka, zimo kwenye folda iliyofichwa inayoitwa iPod_Control, ndani yake Music, halafu vifolda F00, F01 na kuendelea. Usishtuke ukikuta mafaili yana majina ya herufi nne zisizo na maana. Jina la wimbo na la mwimbaji limeandikwa ndani ya faili lenyewe, ukiliingiza kwenye programu ya muziki yanarudi.

Ukishanakili, fungua rekodi ya bibi kwenye kompyuta, isikilize hadi mwisho, kisha iweke na mahali pa pili. Hapo sasa ndipo Restore ya iTunes kwenye Windows yako inapokuwa halali. Itaipanga iPod upya kwa FAT32, na kuanzia siku hiyo itasomeka kwako na kwa dada pia. Unaona? Kufuta kunaweza kuwa sehemu ya dawa. Ila kunakuja mwisho.

Kwa wengine wanaopita hapa na kifaa chao hakionekani kabisa, hata taarifa haiji: anzeni na kebo. Kebo ya USB ya kawaida ina nyaya nne, mbili za umeme na mbili za data, na kuna kebo za chaji ambazo zile za data hazimo. Kifaa kitajaa chaji vizuri na kompyuta haitajua kama kipo. Chomekeni moja kwa moja kwenye tundu la kompyuta, si kwenye kigawanyishi cha USB kisicho na umeme wake. iPod yenye lile gurudumu la kubonyeza (Click Wheel) ikiganda, shikilia Menu na kitufe cha katikati kwa pamoja mpaka nembo ya tufaha itokee. Huko ni kuizima na kuiwasha tu, nyimbo haziguswi.

Mkuu, ukishaongea na dada andika hapa amesema nini kuhusu hiyo Mac. Na kama utatumia HFSExplorer ukakwama kwenye kuchagua diski, usikisie. Niandikie unachokiona kwenye orodha, neno kwa neno, nitakuelekeza.