Usijifungie ndani na sataranji yako

Juzi nimepata ujumbe wa binti mmoja wa Masasi, yuko kidato cha tano. Ameniuliza mambo matatu kwa mpigo. Kwanza, dada, nifanye nini nipande kiwango kwenye sataranji, yaani chess, maana kwenye simu nimekwama. Pili, nicheze na nani wakati hapa mtaani wanaocheza ni wanaume wa drafti tu. Tatu, mama anasema sataranji ni kamari, nimjibuje. Akaongeza kwamba hana hata ubao. Nilimjibu kwa kifupi siku ile ile, lakini swali la pili limenikaa rohoni, kwa hiyo leo nalijibu kwa kirefu, ili na ninyi wengine mnaotaka kuwa wachezaji wa kweli mpate chenu.

Jibu langu ni moja na nitalirudia: toka nje, kaa pale wanapokaa wachezaji, ucheze na anayekuzidi.

Mimi nimekulia Newala, kwa mjomba. Chini ya mkorosho wake palikuwa na bao la mti, mashimo 32 na kete 64 za komwe, zimeng'aa kwa kushikwa miaka na miaka. Kazi yangu ilikuwa kupeleka kahawa. Hakuna aliyenifundisha kitu. Nilisimama nyuma ya wazee na birika mkononi, nikatazama wanavyonamua, yaani kuingiza kete mpya, wanavyotakata, yaani kucheza bila kula, namna mtu anavyoilinda nyumba yake, lile shimo kubwa, mpaka mwenzake anabaki hana mtaji, hana hatua ya kula. Wachezaji wazuri wa bao hesabu yote wanaipiga kichwani. Mkono ukishashuka, kete zinasambazwa bila kusita. Siku moja nilicheka kabla ya mzee mmoja hajacheza, kwa kuwa nilikwisha kuona anakoelekea. Mjomba akanigeukia, akamwambia mwenzake, "Huyu ameona." Hakunikaribisha kukaa, ila tangu siku hiyo hakunituma tena kahawa mchezo ukiwa umepamba moto. Nilielewa. Ile ndiyo sifa ya kwanza niliyowahi kupewa kwa akili yangu, na bado naithamini kuliko vyeti vyangu.

Sataranji niliikuta chuoni. Mwenzangu wa chumba alikuja na ubao kutoka Dar es Salaam, akanionyesha jinsi kila kete inavyokwenda, na jioni ile ile nikawa siwezi kulala. Nilipohesabu miraba nilishtuka: sataranji ina miraba 64 na kete 32, bao lina kete 64 na mashimo 32. Sisemi michezo hii ni ndugu. Nasema mtoto aliyekaa karibu na bao la Kiswahili haingii kwenye sataranji mikono mitupu, maana kuhesabu bila kugusa, kuvumilia na kutoa kimoja ili upate kikubwa, hayo yote amekwisha kuyaona kwa wazee wake.

Nikaanza kusoma. Mchezo huu ulizaliwa India, kwenye karne ya 6 hivi, ukaitwa chaturanga, kisha ukapita Uajemi, ukapokewa na Waarabu, na Waarabu wakaupeleka mpaka Hispania. Baghdad ya karne ya 9 na ya 10 ilikuwa na mabingwa wanaokaa na makhalifa, al-Adli na as-Suli, walioandika vitabu vyake wakati Ulaya bado inaokota hatua za mwanzo. Kete ile wanayoiita askofu ilikuwa tembo kwa Waarabu, na sisi kijiweni kwetu tunaiita tembo mpaka leo, kwa sababu mtu wa Liwale au Nachingwea anamjua tembo kuliko askofu wa mti. Malkia naye hakuwapo. Pale pembeni ya mfalme alikaa mshauri, akisogea mraba mmoja tu kwa mshazari, dhaifu kuliko karibu kila kete. Mwishoni mwa karne ya 15, huko Hispania, nafasi ile ikawa ya malkia mwenye kwenda upande wowote, mbali atakavyo, na mchezo wote ukabadilika kasi. Sura ile niliisoma mara mbili usiku ule.

Baada ya chuo nikafungua duka la vifaa vya shule Mtwara mjini, si mbali na soko. Mbele yake palikuwa na kijiwe cha drafti. Mnavijua vijiwe hivi: ubao umechorwa kwa rangi kwenye kipande cha plaiwudi, visoda upande mmoja vimelala na upande mwingine vimesimama mdomo juu, kahawa chungu, na watu sita wanaomshauri mmoja. Jioni moja nikatoka na ubao wangu, nikaupanga kwenye benchi, nikawasalimia wakubwa shikamoo zao, nikauliza nani anataka kujifunza. Mzee mmoja akazikusanya kete zangu kwa kiganja kama mtu anayefuta makombo, akaziachia chini, akaweka drafti yake pale. Akaniambia mwanamke mwenye heshima hakai kijiweni. Wengine wakacheka. Niliinama kuokota kete moja moja mchangani mbele ya wateja wangu mwenyewe, na farasi mmoja mweusi sikumpata.

Mzee yule hajaniomba radhi mpaka leo. Tunasalimiana.

Nilirudi jioni iliyofuata. Sikuleta sataranji, nilikaa kwenye drafti yao, na drafti naijua. Yaliyofuata ni marefu na hayana ladha, nayaruka. Ikafika mahali kijana mmoja wa bodaboda, ambaye nilikuwa namfunga na yeye ananifunga, akasema, "Dada, hebu leta ule wa kwako tuuone." Farasi aliyepotea tuliweka kisoda cha Fanta. Kijana huyo hakuwahi kusoma kitabu chochote cha sataranji, lakini ana jicho ambalo sijaliona kwa mtu mwingine. Leo ananifunga mara nyingi kuliko ninavyomfunga, na ninamshukuru Mungu kwa hilo, kwa sababu kila nilipofika nimefika kwa kufungwa naye.

Mwezi uliopita nilikwenda kushindana Dar es Salaam na nimerudi na medali. Nasema kwa fahari, nimeitolea jasho. Watu wa huko waliniuliza kocha wangu ni nani, nikawajibu ni dereva wa bodaboda wa Mtwara. Walidhani natania.

Sasa, binti wa Masasi, sikiliza. Simu usiitupe. Lichess, tovuti ya kuchezea sataranji, haina malipo wala matangazo, na mafumbo yake yamenisaidia sana, yafanye kila siku. Tatizo la simu ni kwamba unafungwa kwa dakika tatu, unabonyeza tena, unafungwa tena, na hakuna anayekuuliza kwa nini. Kijiweni ukikosea kuna mtu nyuma yako anaguna. Ukimaliza, wanakurudisha: hapa ulikuwa sawa, hapa ndipo ulipoharibu. Umekwama kwa sababu hujawahi kugunwa. Tafuta anayekuzidi, kaa mbele yake, na mchezo ukiisha muombe muurudie pamoja toka mwanzo. Andika hatua zako kwenye daftari. Mengine yatakuja.

Usikimbilie kukariri mifunguo, yaani hatua za kuanzia mchezo. Kila mmoja akishacheza mara moja tu, ubao unaweza kuwa umekaa kwa namna 400, utakariri ngapi? Shika katikati ya ubao, toa farasi na tembo wako mapema, mfiche mfalme pembeni nyuma ya askari wake, kisha fikiri. Na ukiona kete ya bure, usiikimbilie. Sisi watu wa korosho tunalijua hili kwa uchungu: mwenye shida anauza kwa kangomba, kwa walanguzi, msimu haujafika, anashika fedha mkononi leo, na mnada ukifunguliwa Oktoba anakaa barabarani kutazama magunia ya wenzake yakipelekwa ghalani. Kete ya bure ni kangomba. Jiulize kwanza kwa nini mwenzako amekuachia.

Kuhusu wanaume wa drafti, nakuelewa kuliko unavyodhani. Mwaka 1927 Vera Menchik alikuwa mwanamke wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa wanawake. Miaka miwili baadaye alialikwa kwenye mashindano makubwa ya Carlsbad, Chekoslovakia, pamoja na wanaume, na mmoja wao, Albert Becker, akatangaza kwamba yeyote atakayefungwa na Menchik ataandikishwa kwenye klabu ya Vera Menchik. Becker ndiye aliyekuwa mwanachama wa kwanza. Baadaye akaingia hata Max Euwe, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia. Judit Polgár wa Hungaria alikataa kabisa kujifungia kwenye mashindano ya wanawake. Akawa grandmasta, cheo cha juu kabisa cha wachezaji, mwaka 1991 akiwa na miaka 15, na mwaka 2002 akamfunga Garry Kasparov, bingwa wa zamani wa dunia. Wote hao walikaa mbele ya watu wasiowataka, wakacheza.

Na usiseme hao ni Wazungu. Phiona Mutesi ametoka Katwe, Kampala, mtaa wa mabanda na matope, akafundishwa na Robert Katende, ambaye watoto walimfuata kwanza kwa sababu alikuwa akiwagawia uji. Mwaka 2010 alikuwa Urusi akiiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya sataranji, mashindano ya timu za mataifa. Amon Simutowe wa Zambia amefika ugrandmasta kutoka nchi ambayo haina mabingwa wa kuigwa kila mtaa. Masasi inapungukiwa nini? Uji upo na watoto wapo.

Hapa naomba niseme na wakubwa pia. Shule moja niliyoiomba nianzishe klabu, tena bila malipo, na ubao nilete mwenyewe, ilinijibu kwamba wanafunzi wana mitihani. Niliondoka nimenyong'onyea. Armenia imeweka sataranji kuwa somo la shule za msingi tangu 2011, nchi nzima. Umoja wa Mataifa nao umeitenga tarehe 20 Julai kuwa siku ya sataranji duniani, siku ambayo shirikisho la kimataifa, FIDE, liliundwa Paris mwaka 1924. Mwalimu, mtoto anayeweza kukaa saa nzima akitafuta hatua moja iliyo bora atakushinda nini kwenye hesabu? Mzazi, unamnunulia simu acheze peke yake chumbani hadi usiku wa manane, halafu unamkataza ubao barazani mbele ya macho yako? Mpeni mtoto mchezo ambao babu yake anaweza kukaa pembeni akauelewa. Wazee wa bao, ninyi ndio makocha tunaowahitaji, msikae kimya mkiona kijana anacheza bila kufikiri. Guneni.

Nimefika kwa mama. Usibishane naye, ana msingi. Pwani yetu wengi ni watu wa madhehebu ya Shafi, na wanazuoni wa madhehebu hayo kwa kawaida wameihesabu sataranji kuwa makuruhu, yaani isiyopendeza lakini si haramu. Inakuwa haramu pale panapowekwa dau, au pale inapompitisha mtu kipindi cha swala. Kwa hiyo mwambie mama ukweli huo, kisha mwonyeshe kwa vitendo. Sisi kijiweni kwetu hatuchezei hata soda. Drafti pembeni wanachezea kahawa, hilo ni lao. Adhana ikilia ubao unaachwa ulivyo, aliyeshinda na aliyeshindwa wanaondoka pamoja, na wakirudi hakuna kete iliyosogezwa. Mama mmoja wa mtaani, aliyekuwa mkali kwangu kuliko wanaume wote, ndiye siku hizi anayetulindia ubao wakati huo.

Umesema pia huna ubao. Kata boksi la katoni lililonyooka, chora miraba 8 kwa 8 kwa rula, paka mmoja rangi mmoja uache, na ukiuweka hakikisha mraba wa kona ya kulia kwako ni mweupe. Kusanya visoda 32 vya aina mbili, kwa makapeni andika juu yake M kwa mfalme, ML kwa malkia, N kwa ngome, F kwa farasi, T kwa tembo, na askari viache vitupu. Baadaye ukipata fedha tafuta fundi wa vinyago akuchongee za mpingo. Mimi nilichongewa na fundi wa Mikindani, na tembo wake wana mikonga kweli. Lakini anza na visoda, na anza wiki hii. Chukua boksi lako jioni, nenda kwenye drafti, wasalimie, kaa. Wakikufukuza, cheza drafti yao kwanza. Wakikufukuza tena, niandikie, nitakuja na ubao wangu tukae wawili.

Likizo ya Juni ukipita Mtwara ulizia duka la vifaa vya shule lenye kijiwe mbele. Utaanza na kijana wa bodaboda, maana mimi sitakuhurumia na yeye ana subira zaidi ya kufundisha. Mama yako njoo naye, atapata kiti na kahawa.