Mamlaka ya maafa ikija, nani atamwamsha jirani saa nane za usiku?

Swali: Habari yako, Mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakaaji wa kando ya Mto Mathare. Tumeitwa kutoa maoni kuhusu pendekezo la kuunda mamlaka ya serikali itakayosimamia dharura na maafa nchini. Wenzangu wengi wanataka tuandike kwamba mamlaka hiyo ipewe helikopta, boti na ambulensi, makao yake yawe hapa Nairobi, na simu zote za dharura ziende kwake. Vilevile kuna mtaalamu anayetuuzia "mpango wa dharura wa mtaa" kwa shilingi 45,000. Anasema mamlaka ikianza kazi, kila mtaa utadaiwa cheti. Je, tumlipe? Na mamlaka ikiwepo, mafuriko kama yale ya 2024 hayatatukuta tena tumelala?

Jibu: Mama Katibu, msimlipe hata shilingi moja. Anawauzia cheti cha sheria ambayo bado mnaitwa kuitolea maoni. Nitarudi kwake, maana watu wa aina yake wamenichosha.

Kwanza hilo la helikopta. Nimefundisha uokoaji katika mitaa mingi ya jiji hili, na kila nikiuliza watu wanataka nini kutoka kwa serikali, jibu la kwanza huwa ni chombo chenye king'ora. Naelewa linakotoka. Mtu aliyekesha juu ya paa la mabati, mtoto mgongoni, akipiga simu isiyopokelewa, atataka chombo. Lakini mto ukipanda usiku, muda wa kumtoa mtu nyumbani ni mfupi kuliko muda wa gari kutoka katikati ya jiji hadi Juja Road mvua ikinyesha. Na gari likishafika barabarani, bado kuna vichochoro ambavyo hata mkokoteni hupita kwa shida.

Agosti 7, 1998, bomu lilipolipuka katika ubalozi wa Marekani na jumba la Ufundi likaporomoka, walioanza kuchimba walikuwa wapita njia, karani na mchuuzi, wengine mikono mitupu. Vikosi kutoka Israel vyenye mbwa na mitambo vilikuja baadaye, na kazi yao ilikuwa kubwa, lakini saa za kwanza zilikuwa za wapita njia. Mtaa wa Huruma hapa Nairobi, Aprili 2016, jengo la ghorofa sita lilipoanguka usiku wa mvua, ilikuwa hivyohivyo. Majirani ndio walioanza. Sijaona janga hapa kwetu ambalo halikuanza hivyo.

Kwa hiyo mkiandika kwamba mamlaka ipewe vyombo halafu mkaishia hapo, mtakuwa mmeomba zimamoto lenye jina refu. Kazi ya mamlaka ya maafa iko siku na miezi kabla ya king'ora. Hapo ndipo nawaomba mkazane.

Ofisi hatujakosa, Mama Katibu. Kituo cha Kitaifa cha Operesheni za Maafa kilianzishwa Januari 1998, baada ya mvua za El Niño. Maana yake, bomu la Agosti mwaka huohuo lilikikuta kipo. Mwaka 2013 kikaundwa kitengo kingine cha maafa ndani ya polisi. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, ile mnayoisikia kama NDMA, ikapata sheria yake 2016. Na Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inataja usimamizi wa maafa upande wa serikali ya kitaifa, kisha inautaja tena upande wa kaunti, pamoja na huduma za zimamoto. Ongeza Msalaba Mwekundu, jeshi, Huduma ya Vijana na wanaojitolea. Wote hawa hufika mahali pamoja, kila mmoja na redio yake na mkubwa wake.

Nitakueleza jambo nililoliona kwa macho yangu kwenye kifusi cha jengo moja, miaka kadhaa iliyopita. Mtu akiwa chini ya kifusi, njia mojawapo ya kumpata ni kunyamaza. Injini zote zinazimwa, kila mtu anasimama alipo, mmoja anagonga chuma mara tatu, kisha mnasikiliza. Tulikuwa tumeinua mikono, ishara ya kimya. Hatua chache kutoka pale, buldoza likawashwa. Dereva alikuwa ameamriwa na mkubwa wake asafishe njia, na mkubwa huyo hakuwa chini ya mkubwa wetu. Tulipoteza karibu robo saa tukibishana nani mwenye neno. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na pale chombo kilikuwa na watu ndani.

Hilo ndilo jambo la kwanza ningeandika kwenye maoni. Sheria iseme kwa jina la cheo ni nani anayeamuru mahali pa tukio, kuanzia dakika gani, na ni lini anakabidhi kwa mwingine. Iseme kaunti inaishia wapi na serikali ya kitaifa inaanzia wapi. Mamlaka mpya ikiundwa bila kifungu hicho, itakuwa redio moja zaidi kwenye kifusi.

Jengo lile la Huruma lilikuwa limeshawekwa alama ya kubomolewa kabla halijaanguka. Onyo lilikuwepo ukutani, na watu waliendelea kulipa kodi na kulala ndani. Mai Mahiu, Aprili 29, 2024, maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya kivuko cha reli, yaani njia ya maji kupita chini ya reli, kilichoziba. Yalipopasuka alfajiri yalizoa vijiji, na watu zaidi ya 50 wakafa. Kuzibua kivuko ni kazi ya majembe, na mtu wa kukikagua kabla ya msimu wa mvua. Ulizeni katika maoni yenu: mamlaka ikiona alama nyekundu ukutani au kivuko kilichoziba, ina nguvu gani ya kuchukua hatua siku hiyohiyo? Kama jibu ni "itashauri", basi hatujasonga.

Halafu fedha. Hapa tuna mfano mzuri wa kwetu wenyewe, tena nashangaa hautajwi. Kule Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, hali ya malisho hupimwa kwa setilaiti. Ikishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, fedha za ziada hutumwa kwenye akaunti za familia. Kiwango kilipangwa wakati watu wametulia, mvua ipo na hakuna anayelia. Ombeni jambo kama hilo kwa mafuriko. Utabiri wa mvua na kina cha mto vikifika kiwango kilichopangwa, chifu afungue shule, fedha za magodoro na maji zitoke, na watu waanze kuhama kukiwa bado mchana. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 tayari inaruhusu kaunti iwe na mfuko wa dharura usiozidi asilimia 2 ya mapato yake. Waulizeni wawakilishi wenu mfuko wa Nairobi una nini leo.

Wako wanaosema nchi zilizoendelea zina taasisi moja kubwa na mambo yao ni shwari. Marekani iliunda FEMA, taasisi yake ya maafa, mwaka 1979. Kimbunga Katrina kilipopiga New Orleans na maeneo jirani mwaka 2005, taasisi ilikuwepo, ina fedha, na watu zaidi ya 1,300 walikufa. Bangladesh walipita njia nyingine. Kimbunga cha 1970 kiliua zaidi ya watu 300,000. Kuanzia 1972 wakajenga mtandao wa wanakijiji wa kujitolea wenye vipaza sauti na bendera, ambao leo ni zaidi ya 70,000, wanaopita nyumba kwa nyumba kabla upepo haujafika. Vimbunga bado vinakuja, ila vifo vimeshuka mno. Serikali yao iko nyuma ya watu hao, inawafundisha na kuwapa habari mapema. Mamlaka ya namna hiyo ningeipigania.

Sasa kuhusu kulala. Mnaweza kuanza wiki hii. Tafuteni nguzo ya daraja la karibu, mpake rangi mistari mitatu: kijani, manjano, nyekundu. Wazee waliokaa hapo miaka mingi wanajua maji yakifika wapi nyumba za chini zinaingiwa, kwa hiyo mstari wa manjano uwe chini kabisa ya hapo. Mlinzi wa usiku au mama anayeamkia mandazi saa tisa ndiye mtazamaji wenu, maana tayari yuko macho. Apewe filimbi, si namba ya simu, kwa sababu mtandao na umeme mara nyingi huondoka pamoja na mvua. Andikeni kwenye daftari nani hawezi kutembea, nani ana mtoto mchanga, na jirani gani amepewa jukumu la kumbeba nani. Kisha mfanye zoezi usiku, taa zimezimwa, mhesabu dakika kutoka filimbi ya kwanza hadi mtu wa mwisho kufika juu. Nimewahi kuona mtaa uliodhani utatumia dakika kumi ukatumia arobaini na tatu, sababu ikiwa lango moja la ploti ambalo keateka hulifunga saa nne. Dakika zenu ziandikeni ukurasa wa kwanza wa maoni. Kamati itakayoyasoma haitapata takwimu kama hiyo popote pengine.

Nirudi kwa huyo mtaalamu. Niliwahi kuitwa na kiwanda kimoja katika Eneo la Viwanda kupitia mpango wao wa dharura. Faili nzuri, jalada gumu, muhuri. Ukurasa wa tisa ulisema moto ukitokea "wageni waongozwe hadi ufuoni". Ulikuwa umenakiliwa kutoka hoteli ya Pwani, jina limebadilishwa mbele, ndani haukusomwa na mtu. Kanuni za 2007 za kupunguza hatari ya moto kazini zinataka zoezi la kutoka angalau mara moja kwa mwaka. Karatasi yao ilionyesha zoezi limefanywa, na wafanyakazi niliowauliza hawakulikumbuka. Nikaenda mlango wa nyuma. Ulikuwa na kufuli. Ufunguo alikuwa nao mlinzi, na mlinzi alikuwa ameenda kula.

Nasema hivi kwa wote, shule, makanisa, wenye ploti. Shule ya Kyanguli, Machi 2001, wavulana 67 waliungua bwenini. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ikatoa mwongozo wa usalama shuleni: milango ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma. Mwongozo ni mzuri, nimeusoma mara nyingi. Septemba 2024, wavulana 21 wakafa katika moto wa bweni kule Endarasha, Nyeri. Kati ya mwongozo huo na moto wa Endarasha nimeona mabweni mengi yenye nakala ya mwongozo ofisini na kufuli mlangoni, na nimeona watu wakilipwa kupiga mihuri bila kupanda ngazi. Watu hao watakuwepo mamlaka ikiundwa, tena biashara yao itapanuka, kwa sababu kila sheria mpya huwapa fomu mpya ya kuuza. Ndiyo maana naomba kila maoni yatakayopelekwa yadai ukaguzi wa kushtukiza unaopima zoezi lenyewe, matokeo yatangazwe kwa jina la jengo, na anayepiga muhuri wa uongo ashtakiwe mwenyewe.

Siku hizi nikiingia mahali kukagua, naliacha faili mezani. Naomba kupelekwa mlango wa nyuma na kuhesabu sekunde hadi ufunguke. Huyo wenu akirudi, mpelekeni kwenye nyumba ya mwisho kabisa, ile iliyo karibu na maji, kwa bibi asiyeweza kutembea, na mwulize hapohapo atamtoaje usiku.