Jibu: Nitampata wapi mfugaji wa kuaminika wa mbwa aina ya German Shepherd hapa Nairobi?

Ndugu, kabla ya kuwatafuta wauzaji mtandaoni, muulize daktari wa mifugo wa mtaani kwako. Yeye anawajua wafugaji, maana ndiye anayewachanjia mbwa. Ukitaka mbwa mwenye karatasi za ukoo, wasiliana na East Africa Kennel Club, chama kinachosajili mbwa wa ukoo.

Kisha nenda mpaka nyumbani kwa mfugaji, umwone mama mbwa akiwa na watoto wake. Mimi nilikubali kukutana na muuzaji kwenye kituo cha petroli. Mtoto wa mbwa alikuwa amejikunja ndani ya katoni, kimya, nikadhani ni mpole tu. Siku ya tatu akaanza kutapika na kuhara damu. Ilikuwa parvo, ugonjwa hatari wa virusi wa mbwa. Tulimzika nyuma ya nyumba, binti yangu akilia.

Usichukue wa chini ya wiki 8. Kadi ya chanjo iwe na tarehe na mhuri wa daktari, na ujue chanjo ya parvo hurudiwa mpaka wiki ya 16 hivi. Mbegu hii pia husumbuliwa na nyonga, kwa hiyo uliza kama wazazi walipigwa eksirei. Mfugaji mzuri naye atakuhoji: una ua? Nani atashinda na mbwa? Anayekuharakisha utume pesa kwanza, achana naye.