Kabla ya kuanza kurekodi, kubalianeni kifo kinagharimu nini

Vijana wanaotaka kuanzisha mfululizo wao wa video za Minecraft, gemu ya kujenga na kunusurika katika dunia ya bloku, huniuliza kwanza kuhusu vifaa: maiki ipi, kompyuta yenye nguvu kiasi gani, seva (kompyuta inayobeba dunia mnayocheza pamoja) ya kukodi au ya nyumbani. Ni maswali ya maana na nitayagusa. Lakini kwa muda niliokaa na vipindi hivi, nikivitazama, nikivicheza na kuvihariri, swali ninalowarudishia ni moja: katika dunia yenu, mtu akifa anapoteza nini?

Gemu yenyewe ilifika kwa watu Mei 2009, ikiwa kazi ya Markus Persson wa Sweden, na hali ya kunusurika ikaongezwa mwaka huohuo. Katika hali hiyo ya kawaida kifo ni hasara ndogo. Vitu ulivyobeba vinadondoka, unaamka kitandani kwako, unakimbia kuviokota kabla dakika 5 hazijaisha vikatoweka. Kwa anayecheza, presha hiyo inatosha. Anayetazama hapati cha kuhofia. Miaka yote ya jamii hii ya mashabiki watengenezaji mimi naisoma kama majaribio ya kumpa mtazamaji sababu ya kuhofia.

Jaribio la mapema lililoshika kasi lilitoka kwa kundi la watengeneza video la Mindcrack, lililoanzishwa na Guude mwaka 2010. Walieneza mtindo wa UHC, yaani Ultra Hardcore: afya hairudi yenyewe. Ukianguka ukapoteza moyo mmoja, kipimo cha afya katika gemu, umeupoteza, mpaka upate tofaa la dhahabu au dawa ya kuponya. Ukifa, umetoka. Badiliko ni dogo sana, lakini ghafla hata buibui wa kawaida anatisha, na mtazamaji anajikuta anahesabu mioyo ya mtu mwingine. Kila mchezaji alirekodi upande wake na kupandisha vipindi vyake, kwa hiyo ungeweza kuona vita moja kwa macho ya aliyeshinda, kisha kwa macho ya aliyekufa. Toleo la 1.6 la mwaka 2013 liliingiza ndani ya gemu kanuni ya kuzima kupona kwa afya. Kwangu mimi hiyo ni heshima kubwa kwa mashabiki: walichokuwa wakikitengeneza pembeni kikawa swichi rasmi.

Hali ya hardcore inakwenda mbali zaidi, maana ukifa mara moja dunia yako imekwisha. Mtiririshaji Ph1LzA aliishi katika dunia moja ya namna hiyo kwa miaka 5, na mwaka 2019 akauawa akiwa hewani mubashara, mwanzo wa balaa ukiwa ni zombi mtoto. Kipande kile kilizunguka dunia nzima, na wengi tulimjua siku ile. Kilichowagusa watu ni ile miaka 5 iliyokuwa nyuma ya dakika moja.

Sasa msikimbilie kusema kwamba kifo kikali ndicho bora. Hermitcraft, seva ya watengeneza video, ilianzishwa Aprili 2012 na Generikb, baadaye ikaongozwa na Xisuma, na imeendelea msimu baada ya msimu huku kifo kikiwa cha bei nafuu kabisa. Kinachogharimu kule ni muda na jina lako. Watu hujenga kwa wiki nyingi, hufungua maduka yanayolipwa kwa almasi, hutegeana mizaha. Katika msimu wa 7, mwaka 2020, walifanya uchaguzi wa meya wa eneo la maduka, na Grian, mmoja wa wachezaji, akaongoza harakati za kurudisha uyoga katika ardhi ile. Ni burudani ya ujirani. Lakini tazameni: mchezo uliopendwa mno ndani ya seva hiyohiyo ulikuwa Decked Out wa TangoTek, pango la hatari ambamo ukifa unapoteza hazina uliyoibeba. Hata mahali ambapo kifo ni rahisi, walijenga chumba ambamo si rahisi.

Seva nyingine, Dream SMP, ilichagua njia ya tatu. Ilianza mwaka 2020, na mchezaji Wilbur Soot alipoleta hadithi ya nchi ya L'Manberg, seva ikageuka jukwaa la maigizo. Mhusika alikuwa na maisha 3, lakini vifo vingi havikuhesabiwa. Kilihesabiwa kile tu ambacho hadithi ilikitambua. Mashabiki waliweka hesabu, wakabishana nani amebakiza mangapi. Njia hii ni tamu na ngumu. Inahitaji mtu anayejua hadithi inaelekea wapi, na wenzake wakubali kupigwa na kupoteza pale walipokuwa na uwezo wa kushinda. Kama kundi lenu lina watu wenye hamu ya ushindi tu, iacheni.

Nawashauri wengi wenu muanzie kwa kusoma kwa makini mfululizo wa 3rd Life, uliobuniwa na Grian mwaka 2021. Kila mtu ana maisha 3: jina la kijani, kisha la njano, kisha jekundu. Wekundu ndio wawindaji. Dunia ilizungushiwa mpaka wa bloku 700 kwa 700, kwa hiyo hakuna pa kujificha milele, lazima mkutane. Vikao vilikuwa vya kila wiki, na kila mmoja alijua kwamba mfululizo una mwisho. Angalieni kanuni hizo chache zilivyozaa hadithi bila mwandishi. Mwanzoni kabisa Grian alimpelekea mchezaji mwenzake GoodTimesWithScar kripa, kiumbe anayelipuka akikukaribia, Scar akapoteza uhai wake wa kwanza. Kwa kuwa uhai ule ulikuwa na thamani, Grian aliona ana deni, akaahidi kumtumikia ili kulilipa. Wakaishi jangwani pamoja, na mwishowe wakabaki wao wawili tu. Walimaliza kwa ngumi ndani ya duara la kaktasi, mimea ya miiba ya jangwani, Grian akashinda. Katika seva ambayo uhai hauna bei, kripa yule angekuwa kichekesho cha sekunde 10.

Misimu iliyofuata ilibadilisha bei ileile. Katika Double Life wawili wanagawana afya moja. Katika Limited Life unaanza na saa 24 za kuishi, kifo kinakukata saa 1, kuua kunakuongezea dakika 30. Chukueni wazo, ligeuzeni liwe lenu, na mtaje mlikolitoa. Mojang inaruhusu video zenye mchango wenu wenyewe, hata zile za kulipwa kwa matangazo, ila msijifanye chombo rasmi cha gemu.

Vifaa sasa. Kila mchezaji arekodi upande wake kwa OBS, programu ya kurekodi skrini, sauti yake kwenye njia yake na sauti za wenzake kwenye njia nyingine. Bila hivyo mhariri hawezi kuokoa mzaha mzuri uliofunikwa na mtu anayekohoa. Hesabuni moja, mbili, tatu kwa pamoja mwanzoni, ili video zipangike. Rekodini kwa aina ya faili ya MKV badala ya MP4 ya kawaida. Umeme ukikatika katikati, MP4 mara nyingi haifunguki tena, wakati MKV inabaki na yote yaliyorekodiwa hadi sekunde ile, na OBS yenyewe huigeuza kuwa MP4 baadaye. Nakala ya dunia ichukuliwe baada ya kila kikao.

Seva ni suala la haki. Ikiwa mko Mwanza, Mombasa na mmoja yuko Uingereza, na seva iko Ulaya, yule wa Uingereza anapiga kabla ninyi hamjaona upanga. Pale ambapo kifo kinagharimu, jambo hili linavunja urafiki. Ama tafuteni mahali ambapo wote mnachelewa karibu sawa, ama ondoeni mapigano ya watu kwa watu, mpambane na mazombi na njaa.

Amueni pia marehemu wanafanya nini. Katika UHC aliyekufa mapema hana tena cha kupandisha, na kijana aliyetangaza mfululizo kwa marafiki zake kisha akatoka kipindi cha 2 anaumia kweli. Mpeni kazi: atazame kama mzuka na kurekodi picha za juu, au asimulie.

Watoto wa chandimu hukubaliana mapema goli ni mawe yapi na ukuta ni nje au ndani. Nanyi andikeni kanuni zenu kwenye ukurasa mmoja kabla ya kikao cha kwanza. Andikeni kifo cha intaneti kukwama kinahesabiwa au la. Andikeni nani ataamua ubishi, na mtu huyo asiwe na uhai wowote wa kuupoteza katika msimu huo.